Ubavuni mwa mshindani, mbali naye, au ndani ya kundi: ulinganisho kwa anayechagua mahali pa kuuzia

Umepata mtaji, umepata mzigo, na sasa limebaki swali moja linalokunyima usingizi: ufungue wapi? Kuna fremu iliyo wazi mlango wa pili kutoka kwa mtu anayeuza kile kile unachotaka kuuza. Kuna nyingine mbali, upande ambao bidhaa hiyo haipo kabisa. Na kuna ya tatu, kwenye mtaa ambao wauzaji kumi na tano wa bidhaa hiyo hiyo wamepangana kama shanga. Ukiomba ushauri, mmoja atakukumbusha kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mwingine atakuambia mteja humfuata mteja. Wote wawili wanasema kweli, lakini kila mmoja ana hali yake kichwani, na hali hiyo hakuitaja.

Wanauchumi wamelihangaikia swali hili kwa karibu miaka 100. Mwaka 1929 Mmarekani Harold Hotelling aliandika makala kuhusu wauzaji wawili walioko kwenye barabara moja, na hoja yake baadaye ikaingia katika kile tunachokiita nadharia ya michezo. Mchezo kwa maana hiyo ni hali yoyote ambayo matokeo yako yanategemea uamuzi wako pamoja na uamuzi wa mwenzako, na kila mmoja analijua hilo. Mkifika mahali ambapo hakuna anayeweza kujiongezea chochote kwa kubadili peke yake, hapo pameitwa msawazo wa Nash, kwa jina la John Nash, aliyethibitisha mwaka 1950 kwamba michezo mingi sana ina msawazo kama huo.

Ninachotaka ukione katika ulinganisho huu ni kimoja: mahali utakapochagua leo ndipo patakapoamua bei utakayoweza kutoza kesho. Watu wengi hupima mahali kwa kuhesabu wapita njia, kisha wanashangaa wateja wapo na faida haipo.

Vigezo

Nitatumia vigezo vinne kwa kila chaguo.

Cha kwanza ni bei: inapangwa na nani? Ikiwa imeshapangwa na mtengenezaji au na serikali, mnashindania mahali tu. Ikiwa wewe na mwenzako mnaweza kuibadili kila asubuhi, mahali na bei vimefungwa kamba moja.

Cha pili ni safari ya mteja. Yuko tayari kwenda umbali gani kabla hajasema basi, nitaacha?

Cha tatu ni kile anachokuja kufanya akifika. Tangu mwaka 1923 Melvin Copeland, mwalimu wa biashara wa Marekani, alizitenga bidhaa ambazo mtu huzichukua palipo karibu na zile ambazo huzunguka akizilinganisha kabla ya kutoa fedha. Kwa anayetafuta fremu, sijaona mgawanyo wenye manufaa kuliko huo.

Cha nne ni anayekuja baada yako. Nani bado anaweza kufungua, na ninyi mliopo kuhama kunawagharimu nini?

Kwanza, mstari na vifuniko viwili

Chukua karatasi uchore mstari wa sentimita 10. Kila sentimita ni mita 100 za barabara. Weka vifuniko viwili vya chupa, kimoja kwenye sentimita 2.5 na kingine kwenye 7.5. Wateja 1,000 wamesambaa sawasawa, mmoja kila mita, na kila mmoja huenda kwa muuzaji aliye karibu naye. Bei ni moja. Kila muuzaji ana wateja 500, na hakuna mteja anayetembea zaidi ya mita 250.

Sasa sogeza kifuniko cha kushoto hadi sentimita 3.5. Mpaka wa wateja uko nusu ya njia kati ya vifuniko, kwa hiyo umehama kutoka 5 hadi 5.5. Wa kushoto ana wateja 550, na hakupoteza hata mmoja wa nyuma yake, kwa kuwa hao hawana pengine pa kwenda. Wa kulia hatakaa akitazama, naye atasogea. Watasogeleana hivyo mpaka vifuniko viguse kwenye sentimita 5.

Hesabu mauzo: 500 kwa 500, kama mlivyoanza. Kilichobadilika ni miguu ya wateja. Wastani wa safari umepanda kutoka mita 125 hadi 250, na wa mwisho kabisa anatembea mita 500. Hesabu hii hunigusa kila ninapoirudia. Watu wawili, kila mmoja akifanya linalomfaa, wamewachosha wateja wao na hawakupata hata mteja mmoja wa ziada.

Huo ndio msingi. Sasa tuone kila chaguo linasimamaje.

Chaguo la kwanza: ubavuni mwa mshindani

Bei. Ikiwa bei haiguswi, ubavuni ni mahali salama kuliko panavyoonekana. Una nusu ya soko, na mshindani hawezi kukuzunguka kwa sababu hakuna pa kukuzungukia. Lakini bei ikiwa huru, mambo hugeuka vibaya, na hapa inafaa tuangalie tarakimu. Tuseme kila kipande kinakugharimu 60 na nyote mnauza kwa 100. Wateja 500 mara faida ya 40 ni 20,000 kwa kila mmoja. Ukishusha hadi 99, mteja aliyesimama kati ya milango miwili hana sababu ya kuingia kwa mwenzako. Unachukua wote 1,000, unapata 39,000. Mwenzako anajua kuhesabu kama wewe, kwa hiyo kesho yeye ni 98. Mfaransa Joseph Bertrand aliieleza hoja hii mwaka 1883: kama bidhaa ni ile ile na mteja haoni tofauti, kuvunja bei hakukomi mpaka bei iifikie gharama. Mnafika 60, mnafanya kazi siku nzima, na faida ni sifuri.

Safari ya mteja. Mfano wa vifuniko ulidhani kila mteja atakuja hata akiwa mbali. Ondoa dhana hiyo. Tuseme mteja haendi zaidi ya mita 300. Mkiwa wote katikati, mnawafikia walio kati ya mita 200 na mita 800 tu. Ni wateja 600, yaani 300 kila mmoja, na wale 400 wa pembeni wamebaki nyumbani. Bidhaa ndogo ya haraka iko hivi. Bidhaa ambayo lazima inunuliwe haiko hivi.

Mteja akifika. Faida moja ya ubavuni husahaulika: jirani akiishiwa mzigo, au foleni yake ikiwa ndefu, mteja anahamia kwako bila kufikiri. Nawe ukiishiwa, ni hivyo hivyo.

Anayekuja baadaye. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Nyinyi wawili mko kwenye mita 500. Wa tatu akifungua hatua moja kulia kwenu, anachukua karibu nusu nzima, na nyinyi wawili mnagawana iliyobaki, 250 kila mmoja. Mmoja wenu ataruka atoke nje ya mbano, kisha mwingine atabanwa, na kadhalika. Kwa wauzaji watatu wenye bei moja hakuna mpangilio wa mahali unaotulia. Wakiwa wanne kunatulia tena: wawili wanakaa pamoja kwenye mita 250 na wawili kwenye mita 750. Ukiona jozi za maduka kwenye barabara ndefu, kumbuka hesabu hiyo.

Inamfaa nani. Anayeuza kwa bei iliyopangwa, bidhaa ambayo mteja ataifuata popote, mahali ambapo ni vigumu wa tatu kuingia. Pia anayeuza kitu chenye tofauti inayoonekana kwa macho, hata kama jina la bidhaa ni moja, kwa sababu tofauti hiyo huvunja hoja ya Bertrand.

Chaguo la pili: mbali naye

Bei. Hotelling mwenyewe aliamini kwamba wauzaji watasogeleana hata bei zikiwa huru. Ilichukua miaka 50 kosa hilo kuwekwa wazi. Mwaka 1979 wanauchumi Claude d'Aspremont, Jean Gabszewicz na Jacques-François Thisse walionyesha kwamba wauzaji wakikaribiana mno, bei hazina pa kutulia. Walionyesha pia kwamba kama usumbufu wa safari unapanda kwa mraba wa umbali (umbali ukiwa mara mbili, usumbufu unakuwa mara nne), kila muuzaji atakimbilia mwisho wake wa barabara, mbali kadiri inavyowezekana. Sababu ni ile ile ya bei. Umbali ni ngao.

Rudi kwenye tarakimu uone ngao ikifanya kazi. Gharama ni 60, wewe uko mita 0, mwenzako mita 1,000, na kila mita ya safari mteja anaihesabu kuwa usumbufu wa 0.04. Nyote mnauza kwa 100, kila mmoja ana wateja 500 na faida ya 20,000. Ukishusha hadi 98, unavuta wateja 25 tu wa karibu na mpaka, kwa sababu wengine wanaona punguzo la 2 halilipi safari. Wateja 525 mara 38 ni 19,950. Umepungukiwa na 50 kwa kushusha bei! Ubavuni, punguzo la 1 lilikuletea karibu maradufu. Mbali, punguzo la 2 limekutia hasara. Ndiyo maana mshindani wako wa mbali hana haja ya kukuanza.

Safari ya mteja. Tukirudi kwa wateja wasiovuka mita 300 na bei iliyo moja, vifuniko vinatulia kwenye mita 300 na mita 700. Ukisogea hatua moja kuelekea katikati unapoteza mtu wa nyuma na kupata nusu mtu mbele. Wateja wote 1,000 wanahudumiwa. Na ikiwa wewe ndiye unayepeleka mzigo mlangoni kwa mteja, safari imekuwa gharama yako, na hesabu inakusukuma kwenye mita 250 na 750, pale pale ambapo jumla ya safari ni ndogo kuliko zote.

Mteja akifika. Huu ni udhaifu wa kweli wa kukaa peke yako, nao ni rahisi kuupuuza. Mwanauchumi Peter Diamond alionyesha mwaka 1971 kwamba hata gharama ndogo ya kutafuta bei nyingine inatosha kumpa muuzaji nguvu ya kutoza kama vile hana mshindani, kwa sababu mteja akishafika mlangoni anaona tabu kuondoka. Mteja naye si mjinga. Anajua kwamba akifika hana pa kukimbilia, kwa hiyo kwa bidhaa ya gharama kubwa huenda asije kabisa. Dawa ni bei iliyobandikwa nje, au inayojulikana kabla ya safari, na isibadilike mteja akishaingia.

Anayekuja baadaye. Usiende mbali mno. Wawili mkikaa kwenye ncha mbili, mmeacha pengo la mita 1,000, na wa tatu akikaa katikati anachukua 500 huku nyinyi mkibaki na 250 kila mmoja. Mkikaa kwenye mita 250 na 750, wa tatu hapati zaidi ya 250 popote atakapojipachika. Mwenye mtaji akiona hesabu hiyo huenda akaacha kabisa. Kwa hiyo umbali unaofaa ni ule unaopoza vita vya bei bila kuacha mlango wazi.

Inamfaa nani. Muuzaji wa bidhaa zinazofanana kabisa na za mwenzake, zinazohitajika mara kwa mara, kwa wateja wasiopenda kwenda mbali. Kwa huyu, methali ya fahali wawili ina uzito.

Chaguo la tatu: ndani ya kundi

Bei. Mtu hutarajia wauzaji kumi na tano wauane kwa bei. Hilo hutokea pale bidhaa zao zikiwa moja. Lakini bidhaa zinazokusanya kundi kwa kawaida hazifanani: kila kipande kina rangi yake, kipimo chake, ubora wake. Mteja hatafuti bei ya chini tu, anatafuta kinachomwingia moyoni. Faida kwa kila kipande itakuwa ndogo kuliko ya aliye peke yake, ila haitafika sifuri.

Safari ya mteja. Mtu ambaye hatatembea mita 300 kwenda duka moja atasafiri kilomita nyingi kwenda kwenye maduka kumi na tano, kwa sababu safari moja inamfanyia kazi ya safari kumi na tano. Mtafiti wa masoko William Reilly mwaka 1931 alijaribu kuliweka hili kwenye kanuni: mvuto wa kituo cha biashara hukua pamoja na ukubwa wake na hupungua kwa mraba wa umbali. Ni makadirio, si sheria ya maumbile, lakini mwelekeo wake ni sahihi.

Mteja akifika. Tatizo la Diamond linapona hapa. Mteja anakuja bila hofu kwa kuwa anajua muuzaji wa kwanza akimbania, wa pili yuko hatua tano. Kwa kukubali kukaa karibu na washindani, wauzaji wanampa mteja ahadi ambayo hakuna tangazo linaloweza kuitoa. Huu ndio ushindani ambao nauthamini kuliko wote niliousoma, kwa sababu unamlinda mnunuzi na bado unamlisha muuzaji. Zaidi ya hayo, kundi huleta vingine: mafundi, wabebaji, wasambazaji wa mzigo, na habari. Mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall aliliona hili tangu mwaka 1890, akieleza jinsi siri za kazi zinavyoacha kuwa siri pale wenye ufundi mmoja wanapokaa pamoja.

Anayekuja baadaye. Muuzaji mpya anaweza kukunufaisha, kwa kipimo kimoja: wateja wakue haraka kuliko wauzaji. Peke yako unapata wateja 100 kwa siku. Kundi la kumi likivuta 2,000, sehemu yako ya wastani ni 200. Likivuta 800, ni 80, na ungekuwa heri ulikotoka. Kisha kuna mwenye jengo. Kadiri kundi linavyosifika, kodi ya fremu hupanda, na inaweza kupanda mpaka faida yote ya kukaa pamoja iishie mfukoni mwake. Piga hesabu ya faida baada ya kodi, si wingi wa watu mlangoni.

Inamfaa nani. Muuzaji wa bidhaa za kulinganisha, zinazonunuliwa mara chache na kwa fedha nyingi. Pia mgeni asiyejulikana, ambaye peke yake hakuna mtu angesafiri kumtafuta.

Mahali ambapo si ardhi

Mstari ule wa karatasi unaweza kuwa kitu kingine. Hotelling aliutumia kwa utamu wa kinywaji na kwa misimamo ya vyama vya siasa, na mwanauchumi Anthony Downs akaupeleka mbali kwenye siasa mwaka 1957. Unaweza kuwa saa: mabasi mawili ya njia moja yanayoondoka kwa kufuatana dakika mbili, kisha kimya cha saa nzima, ni vifuniko viwili vilivyogusana. Jambo hili lina maana kwako, kwa sababu unaweza kukaa ubavuni kwa ardhi na mbali kwa kitu kingine: ubora, ukubwa wa kipimo, au saa za kufungua. Wauzaji wengi waliodumu mlango kwa mlango wametengana kwa namna hiyo.

Kulingana na hali yako

Ikiwa bei yako imeshapangwa na mwingine na wateja lazima wanunue, fremu ya mlango wa pili haina ubaya wowote. Angalia tu kama kuna fremu nyingine wazi upande wa pili ambako wa tatu ataingia akubane katikati.

Ikiwa bei ni huru, bidhaa ni ile ile na huwezi kuitofautisha, nenda mbali, lakini simama mahali panapoziba pengo. Kama unapeleka mzigo kwa wateja, sababu ya kwenda mbali inaongezeka maradufu.

Ikiwa biashara yako iko juu ya magurudumu na kuhama hakukugharimu kitu, jua kwamba na wenzako hakuwagharimu. Mtasogeleana tu. Hapo kukubaliana na mwenzako kuhusu nani asimame upande gani kunawasaidia nyote pamoja na wateja, mradi makubaliano yaishie kwenye mahali, yasifike kwenye bei.

Ikiwa unasaini mkataba wa miaka kadhaa na wewe ndiye wa kwanza kufika, chagua ukimfikiria yule ambaye bado hajafika, kwa sababu yeye ataona ulipokaa na wewe hutaweza kusogea.

Na ikiwa hujui bidhaa yako ni ya kuchukua au ya kulinganisha, kaa siku mbili karibu na mlango wa mtu anayeuza bidhaa hiyo, ukiwa na daftari. Kwa kila anayeingia, andika kama ametoka na mzigo au mikono mitupu, na aliyetoka mikono mitupu ameelekea wapi. Wakiwa wengi na wanaelekea duka jingine la bidhaa hiyo hiyo, tafuta fremu kwenye kundi. Wakiwa karibu wote wametoka na mzigo ndani ya dakika chache, mahali pako ni kule mbali, kwenye njia ambayo watu kama hao bado wanatembea sana kufika hapa.